Waya wa Mafuta

Mwanangu, gari unaloendesha wewe halina waya wa mafuta. Ukikanyaga pedeli, kuna kifaa kinachopima umeikanyaga kiasi gani, kikapeleka habari kwa umeme hadi kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua injini ipewe hewa kiasi gani. Magari niliyoyajua mimi ujanani yalikuwa na waya wa chuma, wa nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja, umefungwa upande mmoja kwenye pedeli na upande wa pili kwenye kabureta. Unakanyaga, unauvuta, kabureta inafunguka, gari linakwenda. Unaachia, springi inaurudisha. Mguu ulikuwa unausikia waya huo unavyopita ndani ya bomba lake. Ukiwa mkavu unausikia, uzi mmoja ukikatika unausikia, ukilegea unausikia vilevile. Nataka nikueleze ilivyokuwa kuutoa waya huo na kuurudisha, hapa Dar es Salaam, miaka ambayo waya mpya haukuwapo dukani. Naona vijana wa rika lako mkisimuliwa miaka ile husimuliwa foleni za sukari na sabuni, basi, na mikono iliyofanya mji uendelee kutembea haitajwi.

Gereji ya mjomba wangu ilikuwa Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo, chini ya mwarobaini mkubwa. Ilikuwa gereji bubu: haina bango, haina simu, haina ukuta isipokuwa mabodi ya magari yaliyokufa yaliyosimamishwa upande wa barabarani ili askari wa jiji wasituone kirahisi. Nilifika pale mwishoni mwa 1979, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, majeshi yetu yameingia Kampala Aprili ya mwaka ule, na Mwalimu Nyerere ametutaka tufunge mkanda kwa miezi 18. Asubuhi harufu ya kwanza ilikuwa ya mafuta ya taa, tuliyooshea vyuma ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kisha ikaja ya grisi kuukuu, ile iliyokaa uvunguni mwa gari miaka mingi ikachanganyika na vumbi hadi ikawa ngumu. Kisha, jua likipanda, harufu ya samaki wa kukaanga kutoka kwa mama mmoja wa Kizaramo aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Saa nne alipita muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Kikombe kilikuwa senti ishirini nilipoanza kazi, na kilikuwa kimeshavuka thumni nilipoondoka. Mjomba mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, ana kovu la asidi ya betri chini ya jicho la kushoto, na vidole vinene ambavyo ungeapa haviwezi kushika skrubu ndogo. Alianza ufundi kabla ya Uhuru kwenye karakana ya Mhindi mmoja, kwa kazi ya kumimina oili na kufagia, na alichojua alikipata kwa kutazama. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini, na ulijua umekaribishwa.

Spea zilikuwa shida kubwa kuliko petroli. Zamani mengi ya magari madogo yalihudumiwa kwa bidhaa zilizoshuka kutoka Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, na ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Nchi haikuwa na fedha za kigeni. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, vita vilikuwa vimekula akiba, na dola chache zilizopatikana zilikwenda kwenye dawa na chakula, na hilo silaumu. Ulikuwa unaingia kwenye duka kubwa la spea, rafu zimepangwa vizuri, nazo zimejaa vitu visivyotakiwa na mtu: taa za upande mmoja wa gari la aina moja, au gasketi za injini ambayo haikuwahi kuja nchini. Anayetaka waya wa mafuta aliambiwa aache jina. Wajerumani wenyewe walikuwa wamesimamisha utengenezaji wa Volkswagen ile ya kizamani huko kwao Januari 1978, ingawa Brazil na Mexico waliendelea. Kwa hiyo waya ukionekana Dar es Salaam ulikuwa umeletwa na baharia ndani ya begi lake, au umevuka kwa njia za panya kutoka Taveta, au umetoka Unguja kwa jahazi pamoja na vitenge. Bei yake ilitegemea sura ya mnunuzi. Nimeona waya mmoja ukiuzwa kwa zaidi ya mshahara wa mwezi wa mhudumu wa ofisi, na mwenye gari akalipa papo hapo akishukuru.

Nasema Volkswagen kwa sababu ndizo tulizokuwa nazo kwa wingi. Walimu walikuwa nazo, waganga wasaidizi walikuwa nazo, mapadri walikuwa nazo. Injini yake iko nyuma, dereva yuko mbele, kwa hiyo kila amri ya dereva ilibidi isafiri gari zima. Katikati ya sakafu kuna tuta la chuma lenye uwazi ndani, linaloanzia kwenye pedeli na kuishia nyuma kwenye giaboksi, na humo ndimo vilimopita vyote: waya wa mafuta, waya wa klachi, nyaya mbili za handibreki, nyaya za kufungulia joto ambazo hapa kwetu hakuna aliyezihitaji, fimbo ya gia, na hata bomba dogo la petroli kutoka tangi la mbele. Waya wa mafuta peke yake ulikuwa na urefu unaozidi mita mbili na nusu. Kila waya ulikuwa na bomba lake jembamba lililochomelewa ndani ya tuta, na bomba hilo hulioni, hata ukilala chini ya gari kutwa nzima. Unajua liko pale kwa sababu waya unaingia mbele na kutokea nyuma.

Kuutoa kulianzia nyuma. Unafungua kifuniko cha injini, unalegeza skrubu ndogo iliyoubana waya kwenye kipini chenye tundu, pale kwenye mkono wa kabureta. Skrubu hiyo ilikuwa ya kuheshimiwa, maana ikidondoka inaingia kwenye mabati ya injini na hutaiona tena. Mjomba aliitandikia kitambaa chini kabla hajaigusa. Kisha unaondoa springi na kikombe chake, unauchomoa waya kutoka kwenye bomba linalopenya nyumba ya feni, unapiga jeki, unaingia uvunguni na kuufuata kwenye mpira unaouziba pale unapotoka kwenye tuta. Halafu unarudi mbele, unapiga magoti nje ya mlango wa dereva, kichwa chini ya usukani, unaunasua kwenye mkono wa pedeli na kuanza kuuvuta taratibu, ukiuviringisha kadiri unavyotoka. Mjomba hakuruhusu waya utolewe kwa haraka, hata uliokatika. Alitaka utoke wote ukiwa katika mpangilio wake, akaulaza chini kwenye gunia, mbele mbele na nyuma nyuma, na kuupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikuwa akiusoma. Palipokatika ncha ya nyuma, karibu na kile kipini, alisema skrubu ilibanwa kwa nguvu kupita kiasi na fundi aliyetangulia. Palipokatika mbele, alisema pedeli inakanyagwa hadi chini na waya hauna nafasi ya kupumua. Penye kutu katikati, alisema maji yanaingia ndani ya tuta, na kabla ya kufanya lolote jingine alinituma niinue mkeka wa sakafu nikatafute tundu. Mara nyingi tundu lilikuwapo. Hewa ya bahari ya mji huu haina huruma na bati.

Waya wa namna hiyo haukatiki wote kwa mpigo. Unaanza uzi mmoja, unaachana na wenzake, ncha yake inainuka na kuanza kukwaruza ukuta wa bomba. Unafuata wa pili. Dereva anaona pedeli imekuwa nzito kidogo, anadhani ni vumbi. Hatari haiko kwenye kukatika. Ukikatika gari linasimama, unashuka, unasukuma. Hatari ni nyuzi zile zilizokwisha kukatika zinapojikunja na kujisokota ndani ya bomba waya ukiwa umevutwa, springi ikashindwa kuurudisha, gari likabaki na mafuta. Mguu umeinua, injini inazidi kunguruma. Mjomba alimfundisha kila mteja, mwanamume kwa mwanamke, afanye nini siku hiyo ikifika: zima ufunguo, usiutoe, kanyaga klachi na breki, usipoteze muda kuipiga pedeli mateke. Aliwafanyisha zoezi hilo pale pale uwanjani kabla hawajalipa.

Sasa nikueleze tulipata wapi waya. Tulitumia nyaya za breki za baiskeli. Waya wa breki ya nyuma ulikuwa chuma kizuri, unene wake unakaribiana na uliotakiwa, lakini mmoja haukufika hata theluthi mbili za safari. Ilibidi kuunga mbili. Mjomba aliunga kwa lehemu. Alikata kipande cha bomba la shaba nyembamba, urefu wa kidole, akaingiza ncha za nyaya mbili kutoka pande zote mbili zipitane ndani, akazichanua nyuzi kidogo, akazisafisha kwa asidi iliyouliwa kwa vipande vya zinki kutoka kwenye betri za tochi, kisha akayeyusha risasi kwa chuma kilichochomwa kwenye jiko la mkaa. Moshi wa asidi ile uliingia puani ukakaa hadi kesho yake. Hata leo nikipita penye fundi bati, koo linakauka. Kiungo kikipoa alikining'iniza kwenye tawi la mwarobaini na kukifunga tofali la saruji, akaenda kula. Akirudi akakuta hakijasogea, alikipitisha.

Ujuzi wenyewe, na hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, ulikuwa kujua kiungo kikae wapi. Waya wa mafuta hausafiri mbali: pedeli ikitoka juu hadi chini, waya umesogea sentimita chache tu. Kuna sehemu moja, baina ya mwisho wa tuta na bati la mbele ya injini, ambapo waya unapita nje, ndani ya mpira tu. Mjomba alipima kwa kamba ili kiungo kiangukie katikati ya sehemu hiyo, pedeli ikiwa juu na ikiwa chini, kisiguse mdomo wa bomba upande wowote. Ule mpira mwembamba aliutoa, akaweka mpana zaidi ili shaba isikwame. Mafundi wengine waliunga popote, wengine kwa fundo, na kiungo kikaingia bombani kikakwama. Kisha aliandika. Alikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, na humo aliandika kwa kalamu ya risasi namba ya gari, jina la mwenyewe, mtaa, tarehe, na neno moja, "kiungo". Mteja aliambiwa wazi: gari lako limeungwa, si jipya, rudi kila baada ya miezi mitatu nikitazame. Hakutoza kitu kwa kukitazama.

Kuurudisha waya kulihitaji watu wawili na subira. Unaupaka grisi wote, kidogo kidogo kwa kidole, halafu mmoja anapiga magoti mbele akitafuta mdomo wa bomba ndani ya tuta kwa ncha ya waya. Ni kutunga uzi kwenye sindano gizani, kwa mkono mmoja, damu imekushukia kichwani na jasho linaingia machoni. Ukiupata mdomo unaanza kuusukuma, sentimita tano, kumi, usiukunje, maana ukikunjika mara moja hautanyooka tena. Mwenzako yuko uvunguni nyuma anausubiri. Mjomba alikuwa akigonga bodi mara moja kwa spana akiuona, na mimi kule mbele niliacha kusukuma. Kisha anauongoza kwenye mpira, kwenye bati la injini, kwenye bomba la nyumba ya feni, anautokeza nyuma na kuuingiza kwenye kipini.

Hapo mimi niliingia kwenye kiti cha dereva. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga pedeli hadi chini na kuishikilia pale pasipo kutetereka, naye kule nyuma afungue kabureta kwa mkono hadi mwisho, airudishe nafasi ya milimita moja, ndipo akaze skrubu. Milimita moja ile ndiyo iliyolinda waya. Pasipokuwa nayo, dereva akikanyaga mpaka mwisho kabureta inakuwa imeshagota, na nguvu yote ya mguu inaishia kwenye waya. Ikizidi sana, gari linakosa mwendo mlimani. Mjomba aliipima kwa kipande cha bati nene alichokitunza mfukoni pamoja na miwani yake. Hatukuonana wakati wa kazi hiyo. Kati yetu palikuwa na gari zima, na kelele za Mtaa wa Msimbazi. Alisema "chini", nikakanyaga. Alisema "acha", nikaachia. Alinituma mimi kwa sababu kijana aliyenitangulia alikuwa akichoka na kulegeza mguu bila kusema, na kipimo kikatoka cha uongo.

Waya wa klachi ulikuwa jambo jingine kabisa. Ule unabeba nguvu, nyuzi zake ni nene, na lehemu ya risasi haiuwezi. Ukiunga leo unaachia kesho. Kwa hiyo mtu aliyekatikiwa na waya wa klachi alisubiri, au aliendesha bila klachi, na wapo walioendesha hivyo wiki kadhaa hapa mjini. Unatia gia ya kwanza gari likiwa limezimwa, unapiga stata, gari linaruka na kuondoka, halafu unabadili gia kwa kusikiliza injini. Waya ukipatikana, kazi yake ilikuwa ndefu zaidi, kwani lazima ufungue pedeli zote kutoka kwenye tuta ili kufika kwenye ndoana yake, na ukishaining'iniza usiiachie pedeli ilale nyuma, ndoana itachomoka. Nyuma, kabla ya kufika kwenye giaboksi, waya huo unapita ndani ya ala nene ya kupindika, ya aina ambayo Ernest Bowden alipewa hataza yake Uingereza mwaka 1896. Ala hiyo lazima iwe na tumbo, imeinama chini kwa milimita 25 hadi 45. Ukiinyoosha, gari linatetemeka kila linapoondoka, na mwenyewe atakwambia klachi pleti imekufa. Wangapi walinunua klachi pleti kwa fedha za kukopa, na ugonjwa ulikuwa washa mbili tu kwenye ncha ya ala! Mjomba hakuthubutu kumwambia mtu anunue klachi kabla hajalala chini na kupima tumbo lile kwa rula.

Kulikuwa pia na ugonjwa wa bomba la klachi kung'oka pale lilipochomelewa ndani ya tuta. Dawa yake ni kukata dirisha kwenye tuta na kulichomelea upya, na bomba la petroli linapita humo humo. Mafundi wa gesi wa Gerezani walikuwa hodari, lakini kazi hiyo mjomba aliisimamia mwenyewe: tangi litolewe, bomba la petroli lipulizwe na kuzibwa, mchanga uwe kwenye ndoo mbili, na mimi nisimame mbali. Nilisimama mbali.

Nimemkumbuka mteja mmoja hasa wiki hii, mama mkunga, aliyekuwa na Volkswagen ya rangi ya krimu. Alikuwa akirudi kutoka Morogoro Jumapili moja, na wakati ule magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana mafuta. Karibu na Mlandizi pedeli ikalala sakafuni. Alishuka, akafungua nyuma, akaona waya umekatika kwenye kipini. Akavunja kijiti, akakichonga kwa kisu cha matunda, akakisokomeza kwenye mkono wa kabureta ili injini ibaki inazunguka kwa kasi ya kati, akafunga kifuniko na kuja nayo hivyo hivyo, kwa klachi na breki tu, hadi Magomeni, nyumbani kwa mjomba. Aliingia uani saa saba na nusu, injini inalia, majirani wote wametoka. Ufundi wa kijiti alikuwa amefundishwa na mjomba. Alipoulizwa kama hakuogopa, alisema anaogopa watoto wanaotanguliza miguu, kijiti hakimtishi. Waya wake uliungwa siku ile ile, ukaandikwa daftarini.

Handibreki mjomba hakuiunga. Alikuja bwana mmoja mwenye Kombi ya kubebea abiria hadi kivukoni, waya mmoja wa handibreki umekatika na wa pili umebakia nyuzi chache. Alikuwa na noti mkononi, noti nyingi, na alikuwa akipoteza fedha kila saa. Alimwita mjomba "kaka yangu" na kumweleza kuwa mafundi watatu wamekwisha kumwambia inawezekana. Mjomba alimjibu kuwa pale kwenye mteremko wa pantoni gari likirudi nyuma halirudi peke yake, linarudi na watu. Hakupandisha sauti. Alichukua msumeno, akakata magogo mawili ya kabari kutoka kwenye ubao wa mninga, akayatoboa na kuyafunga kamba, akampa bila kumtoza: kila ukisimama, utingo aweke hizi kwenye matairi hadi upate waya. Yule bwana aliondoka amekasirika, lakini kabari alizichukua, na baada ya siku kadhaa alirudi na nyaya zilizotolewa kwenye Kombi iliyopinduka. Ndizo tulizomfungia.

Machi 1983 Waziri Mkuu Sokoine alianza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Unazijua habari zake vitabuni. Sisi tulizijua kwa usiku: vitu vikitupwa mitaroni, masanduku yakihamishwa kwa mikokoteni, watu wakiamka kukuta marobota ya nguo pembeni mwa barabara bila mwenyewe. Mjomba alikuwa na kopo lenye nyaya chache mpya za mafuta, alizonunua moja moja kwa baharia kwa muda mrefu, bila risiti hata moja. Kuzitunza ilikuwa kesi. Kuzitupa hakuweza, nilimwona akizishika. Alifungua daftari, akatazama viungo vya zamani kuliko vyote, akanituma niende kwa miguu kuwaita wenye magari. Walikuja usiku mmoja baada ya mwingine, tukafanya kazi kwa karabai mpaka alfajiri, na kulipokucha kopo lilikuwa na misumari. Alitoza bei aliyonunulia. Nadhani vita vile vilikuwa na haki yake, maana walikuwapo walioficha sabuni watoto wakiwa na upele; lakini viliwatetemesha pia watu waliokuwa wakishikilia mji usisimame, na mjomba alikuwa mmoja wao.

Mwaka uliofuata, Alhamisi ya tarehe 12 Aprili, nilikuwa ndani ya gari la mwalimu mmoja wa sekondari, jioni inaingia, mguu wangu uko chini kwenye pedeli, redio ya jirani ilipobadilika sauti. Sokoine alikuwa amefariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro, akitoka Dodoma. Sauti ilikuwa ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mama wa samaki aliepua karai. Sikuachia pedeli kwa sababu sikuambiwa niachie, na mjomba kule nyuma alikaza skrubu, akakagua nafasi kwa kile kipande cha bati, akasema "acha". Kisha akaja akakaa kwenye gogo, akafuta mikono kwa muda mrefu. Yule mwalimu mwenye gari alilia waziwazi. Gari lake alilichukua kesho yake.

Baada ya hapo mambo yalifunguka haraka. Wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, Mzee Mwinyi akaingia madarakani mwishoni mwa 1985, na maduka ya Kariakoo yakaanza kuning'iniza nyaya mpya kutoka Brazil, zimefungwa kwenye plastiki, ukichagua unavyotaka. Mjomba alinunua furushi zima kwa akiba yake. Nilidhani anataka kuuza. Alitoa daftari, akaanza ukurasa wa kwanza, na kwa kila neno "kiungo" ambalo halijafutwa alimtafuta mwenye gari. Waliokuwa mjini aliwafuata kwa daladala. Mama mkunga alikuja mwenyewe. Gari moja lilikuwa limeuzwa Iringa, jingine Songea, na kwa hao alituma waya kwa kondakta wa basi pamoja na barua inayoeleza hatua kwa hatua, kwa mwandiko wangu, maana wake ulikuwa mgumu kusomeka. Alilipwa bei ya waya, kazi hakuhesabu. Wengine walishangaa, wengine walidhani anawadai. Padri mmoja wa upande wa Korogwe alijibu kuwa gari linakwenda vizuri, asisumbuke, kiungo kimedumu. Mjomba aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja ndani ya daftari, na Jumatatu yake akapanda basi la Korogwe na waya ndani ya mkoba, bisibisi, koleo, na kipande chake cha bati. Alichukua pia kitambaa cha kutandika chini ya skrubu. Alirudi Jumatano, akafuta mstari wa mwisho, akaniuliza kama kahawa imeshapita.